Kikulacho Ki Shingoni Mwako

Mjini Vienna, miaka michache baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, aliishi kondakta wa tramu ambaye historia ya tiba inamkumbuka kwa jina la Albert. Kazi yake ilikuwa ya kusimama kutwa, na miguu ndiyo iliyotangulia kugoma. Ulianza uchovu, yakafuata maumivu ya miguu na nyonga, hatimaye mfupa wa paja ukavunjika. Eksirei ilionyesha mifupa iliyopungukiwa madini.

Daktari wake wa upasuaji aliitwa Felix Mandl. Wakati huo ilishajulikana kwamba shingoni, nyuma ya tezi ya thiroidi, mna vitezi vinne vidogo viitwavyo parathiroidi; Ivar Sandström wa Uppsala, Uswidi, alivieleza mwaka 1880, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari. Ilijulikana pia kwamba maiti za wagonjwa wa mifupa, zilipochunguzwa, mara nyingi zilikutwa na vitezi hivyo vimevimba. Jakob Erdheim, bingwa wa hapo hapo Vienna, alifasiri kwamba mifupa ikiugua, vitezi huongeza juhudi ya kuisaidia, na ndiyo maana hukua.

Kwa fasiri hiyo, Albert alihitaji kuongezewa parathiroidi. Akapewa dawa iliyotengenezwa kwa tezi za wanyama, isimfae. Mandl akampandikizia vitezi vya mtu aliyepata ajali. Mgonjwa hakupata nafuu, alizidi kudhoofika.

Hapo Mandl akaligeuza swali. Mwaka 1915 Friedrich Schlagenhaufer, naye wa Vienna, alikwisha kutoa hoja kwamba kitezi kimoja kikivimba peke yake, basi hicho ndicho cha kushukiwa na kuondolewa. Maana ikiwa ni mifupa inayoomba msaada, mbona wanaoitwa ni wanne na anayeitika ni mmoja? Julai 1925 Mandl aliifungua shingo ya Albert, akakuta uvimbe kwenye kitezi kimoja, akauondoa. Kalsiamu iliyokuwa ikimwagika katika mkojo ilipungua, maumivu yakatulia, na baada ya miezi kadhaa Albert akaweza kutembea kwa mkongojo.

Siri ilikuwa katika kazi ya homoni ya parathiroidi. Moyo, misuli na neva havistahimili upungufu wa kalsiamu katika damu, ilhali zaidi ya asilimia 99 ya kalsiamu ya mwili imo katika mifupa na meno. Damu ikipungukiwa, homoni hii huitoa kalsiamu mifupani, huzifanya figo ziizuie isipotelee kwenye mkojo, na huiamsha vitamini D ili utumbo ufyonze zaidi. Damu ikitosheka, vitezi hupunguza kazi. Kitezi cha Albert hakikupunguza: kilikuwa mtunza ghala anayeendelea kugawa akiba wakati wenye nyumba wamekwisha kushiba, hata figo zikashindwa kuizuia ziada isimwagike kwenye mkojo. Na matabibu, kwa nia njema, walikuwa wakimwongezea wasaidizi.

Hata hivyo Erdheim hakusema uongo. Vitamini D ikipungua mwilini, au figo zikishindwa kazi, vitezi huvimba kweli kwa kuitikia wito. Kosa lilikuwa kuchukua ukweli wa ugonjwa mmoja na kuufanya sheria ya magonjwa yote. Ndiyo sababu leo kipimo cha homoni hii, kinachoandikwa PTH kwenye majibu ya maabara, hakisomwi peke yake. PTH ikiwa juu na kalsiamu ikiwa chini, vitezi vinajibu upungufu, na tiba ni kuutafuta upungufu huo. Zote mbili zikiwa juu, mshukiwa wa kwanza ni kitezi chenyewe. Namba ni ile ile, lakini tiba zinapingana.

Funzo hili si la madaktari pekee. Mtu akilalamika mifupa, hakosi wa kumwambia apite duka la dawa anunue vidonge vya kalsiamu. Mwenye upungufu huenda vikamfaa. Lakini maumivu ya mifupa yakiandamana na mawe ya figo yanayojirudia, kiu isiyokatika na choo kigumu, yawezekana kalsiamu imekwisha kujaa katika damu, na kila kidonge kinaongeza mzigo. Kipimo cha damu hutangulia kidonge.

Albert hakupona moja kwa moja. Baada ya miaka kadhaa maradhi yalimrudia, akafariki mwaka 1936. Lakini upasuaji wake uliwafundisha matabibu jambo ambalo maiti hazikuwafundisha: mfupa unaopungua si lazima uwe na njaa; huenda unaporwa. Kabla ya kuongeza, uliza kwanza kinachopungua kinakwenda wapi.