SAFARI YA MATEMBEZI NA KHABARI YA TUFANI

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema zamthubutukia Mwenyezi Mungu, aliyeitiisha bahari vyombo vikapita juu yake, akazipeleka pepo marra zikiwa ni bishara na marra zikiwa ni onyo. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote.

Amma baad. Enyi ndugu zetu Waislamu, sisi watu wa pwani hatuwezi kuiepuka bahari. Riziki zetu zimo humo, jamaa zetu wako ng'ambo yake, na tukitaka kupumzika tunaivuka. Kwa hiyo imetulazimu kuijua hukumu ya kuisafiria kama inavyotulazimu kuijua hukumu ya biashara tunayoifanya. Na suala tutakalolieleza katika kurasa hizi ni hili: Mtu amepata ruhusa ya kazi siku chache, akaazimu kuwachukua ahli zake kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja, au kutoka Tanga kwenda Pemba, kwa matembezi na mapumziko. Nauli imekwisha lipwa, nyumba ya kushukia imekwisha kodiwa, na watoto hawalali kwa furaha. Mara ikaja khabari ya kwamba tufani inakaribia. Je, aende, au aahirishe?

Tumewasikia watu wakigawanyika mafungu mawili. Wako wanaosema: "Ajali haina kinga, kilichoandikwa kitakuwa." Na wako wanaoingiwa na khofu hatta wakaiona safari yote kuwa ni nuhusi, wasitake kuitaja tena. Mafungu yote mawili yameiacha njia ya katikati, nayo ndiyo njia ya sharia.

Kwanza na tuijue tufani yenyewe. Tufani ni dhoruba kubwa izungukayo, nayo huchukua nguvu zake katika joto la maji ya bahari. Haipendi kuzaliwa karibu mno na mstari wa ikweta, na kwa sababu hiyo pwani yetu huiona kwa nadra kuliko Bukini na Msumbiji. Lakini nadra si muhali. Mwezi wa Aprili mwaka 1872, katika siku za Sayyid Barghash, tufani iliipiga Unguja ikaangusha mikarafuu na minazi isiyo na idadi, na vyombo vya Sultani vikavunjika bandarini. Mwezi wa Aprili mwaka 1952 nyingine ikaipiga Lindi. Na katika siku zetu hizi, tarehe 4 Mei 2024, tufani iliyoitwa Hidaya iliwasili Mafia, hali ya kuwa watu wengi walidhani msimu wake umekwisha pita. Basi asemaye kuwa jambo hili halifiki kwetu hakuuliza wazee wala hakusoma khabari.

Tena ijulikane ya kuwa mawimbi ya tufani hutangulia mbele ya upepo wake. Yamkini mtu akasimama ufukweni, mbingu ikawa safi na jua linawaka, na huko mkondoni bahari imekwisha chafuka. Na tufani hugeuza njia; leo yaelekea kusini, kesho yaelekea magharibi. Kwa hiyo jicho la msafiri peke yake halitoshi kuwa shahidi.

Hapa baadhi ya watu huuliza: "Je, kumsadiki mwenye kutoa khabari za hewa si kumsadiki kuhani, na elimu ya ghaibu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake?" Jawabu ni kuwa kuhani hudai kuijua ghaibu pasina sababu iliyo dhahiri, na huyu wa hewa hutazama alama zilizokwisha kuwapo: joto la maji, uzito wa hewa, mwendo wa mawingu, kisha husema kwa dhana yenye nguvu, wala hasemi kwa yakini. Kazi hii ni ndugu ya kazi ya manahodha wetu, waliojua kaskazi itavuma lini na kusi itaingia lini, wala hapana mwanachuoni aliyewaita makuhani. Lililoharimishwa ni kuitakidi kwamba nyota au upepo ndio utendao wenyewe. Ama mwenye kuitakidi kuwa Mwenyezi Mungu ndiye mtendaji, na hizi ni sababu alizoziweka, huyo hana lawama.

Na ajabu kubwa ni hii. Utamwona mtu huyo huyo akitaka kusafiri humwendea mwenye ramli amtazamie siku. Akiambiwa kuwa Jumatano ni nuhusi, haondoki, hatta kama bahari imelala kama maji ya mtungini. Lakini akiambiwa na watu walioipima hewa kuwa tufani ipo njiani, hukunja uso akasema: "Mimi namtegemea Mungu." Ewe ndugu, mbona hukumtegemea Mungu siku ya Jumatano? Umeogopa kisichodhuru, ukakitharau chenye kudhuru, kisha ukaliita jambo hilo tawakkul!

Tawakkul ya kweli tumefundishwa na Mtume wetu (s.a.w.) alipoulizwa na bwana mmoja kama amwache ngamia wake huru na kutawakali, au amfunge. Alimwamrisha amfunge, kisha ndipo atawakali. Wala hapana ajuaye kumtegemea Mola wake kuliko Mtume (s.a.w.), naye amepokea Bibi Aisha (r.a.) ya kuwa alipoliona wingu au upepo mkali uso wake ulikuwa ukibadilika, akikhofu isije ikawa ni adhabu, kwani kaumu ya Aad waliliona wingu likielekea mabonde yao wakafurahi wakidhani ni mvua, na ndani yake mlikuwa na maangamizo yao. Kisa chao kimo katika Suratul Ahqaf. Ikiwa Mtume (s.a.w.) hakuutazama upepo kwa kughafilika, nani sisi hatta tuutazame kwa kiburi?

Na tukitaka mfano wa mtu aliyekuwa safarini akapata khabari ya khatari mbele yake, na tumtazame Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.). Alitoka Madina kwenda Sham, na alipofika mahali paitwapo Sargh maamiri wa jeshi wakamjia na khabari kwamba tauni imeingia nchini. Hakusema kuwa safari imekwisha anzwa haina budi kutimizwa. Aliwaita Muhajirina akawashauri, wakakhitalifiana. Akawaita Ansari, nao wakakhitalifiana. Kisha akawaita wazee wa Kikureshi, wakaafikiana kuwa arudi na watu wake. Akanadi kuwa asubuhi anarejea. Abu Ubayda (r.a.) akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akamjibu kuwa naam, anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda kwenye kadari ya Mwenyezi Mungu. Akampigia mfano wa mwenye ngamia aliyeshuka katika bonde lenye pande mbili, upande mmoja una majani na wa pili ni mkavu: akiwalisha upande huu ni kwa kadari, na akiwalisha upande ule ni kwa kadari. Kisha akaja Abdurrahman bin Auf (r.a.) na hadithi ya Mtume (s.a.w.) iliyokataza kuingia katika nchi iliyosikiwa tauni, na iliyokataza kuikimbia kwa aliye ndani yake. Umar akamhimidi Mwenyezi Mungu, akarejea.

Zingatieni, ndugu zangu. Safari ya Umar ilikuwa ya maslaha ya umma, nayo ilivunjwa kwa khabari. Je, safari ya matembezi haifai kuvunjwa kwa khabari?

Ama kauli ya wanavyuoni wa madhhab yetu ya Imam Shafi, wameieleza katika mlango wa Hija. Amesema Imam Nawawi katika Minhaj maana yake kuwa, kwa kauli iliyo dhahiri zaidi, ni wajibu kupanda bahari kwa ajili ya Hija ikiwa salama ndiyo ighalibuyo. Na washereheshaji wakabainisha: ikighalibu hilaki, au yakilingana mawili hayo, basi si kuwa wajibu umeondoka tu, bali kupanda kwenyewe ni haramu. Na asili yake ni kwamba Mwenyezi Mungu ametukataza, katika Suratul Baqara, tusijitie kwa mikono yetu katika maangamizo. Na imepokewa hadithi kuwa mwenye kupanda bahari wakati inapochafuka akahiliki, basi dhima imemtoka.

Tazameni basi. Hija ni nguzo ya tano ya Uislamu, na juu ya hayo bahari ikichafuka Mwenyezi Mungu hakumtaka mja wake aiendee kwa kujihilikisha. Seuze kwenda kukaa ufukweni na kula pweza! Jambo la mubaha haliwezi kuhalalisha kile ambacho fardhi haikukihalalisha.

Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Katika madhhab yetu, mwenye kuasi kwa safari yake hana rukhsa za msafiri. Basi mwenye kupanda chombo hali ya kuwa dhana yenye nguvu ni hilaki, safari yake ni maasia. Hapunguzi sala wala hakusanyi mpaka atubie. Mtu huyu ametoka nyumbani kwake kutafuta raha, na hatta tahafifu aliyopewa msafiri imemkosa.

Wala usiitazame nafsi yako peke yako. Mkeo atakufuata kwa kuwa umesema twende, na mtoto mchanga hakuulizwa. Mtume (s.a.w.) ametujulisha kuwa kila mmoja wetu ni mchunga, naye ataulizwa juu ya alichokichunga. Mwanamume mzima akipenda kujikhatirisha ana dhambi ya nafsi moja. Lakini akiwapakia watoto wanne na mama yao katika boti, huku akijua yaliyotangazwa, atajibu nini siku ya suala? Atasema kuwa aliona haya kurejea na mizigo mbele ya jirani?

Lililobakia ni la fedha, nalo ndilo liwasukumalo wengi. Husema: "Nauli nimekwisha itoa, nikibaki imepotea." Jueni kuwa nauli ni katika mlango wa ijara. Ikiwa mwenye chombo ndiye aliyekizuia chombo chake, hana haki ya kula ujira wa kazi asiyoifanya: awachukue abiria siku nyingine kwa makubaliano yao, au awarejeshee mali yao. Ama chombo kikiwa tayari, na njia ni salama kwa ghalibu ya dhana, kisha abiria akazuiwa na udhuru wake mwenyewe kama ugonjwa, hukumu ya madhhab yetu ni kuwa ijara haivunjiki kwa udhuru huo. Lakini imepokewa kuwa mwenye kumkubalia Mwislamu kuvunja biashara aliyoijutia, Mwenyezi Mungu atamsamehe makosa yake Siku ya Kiyama. Basi wenye vyombo na wenye nyumba za wageni wasiwabane watu wakati wa khatari, wakawa wao ndio sababu ya watu kujitia baharini. Na ikiwa nauli imepotea kabisa, na ipotee. Fedha ina badala. Maiti hana badala.

Utaratibu ulio bora ni huu. Ukisikia khabari, ihakikishe kwa wenye elimu nayo, usishike uvumi wa barazani. Washauri manahodha na watu wa akili. Sali istikhara; lakini ujue kuwa istikhara haisaliwi juu ya jambo la haramu. Aliyekwisha zuiliwa na sharia hana la kuchagua illa kubaki, na istikhara yake ni katika kuchagua siku nyingine. Serikali ikizuia vyombo, itii, wala usitafute mashua ya magendo ikuvushe usiku. Na kama umekwisha fika ng'ambo, usikimbilie chombo cha mwisho kwa fazaa. Tafuta nyumba imara iliyo mbali na ufuko, ukae na ahli zako, uzidishe dua. Tufani ikipita na bahari ikitulia, safiri kwa jina la Mwenyezi Mungu, wala usiiite safari hiyo kisirani, kwani kutabiri shari kwa kitu ni katika mambo ya jahiliya.

Na tahadharini na neno moja litokalo kinywani baada ya tufani kupita. Ilipokuja Hidaya mwaka 2024, boti baina ya Dar es Salaam na Unguja zilisimamishwa. Kisha tufani ikapoteza nguvu ilipofika nchi kavu. Katika hali kama hiyo mtu husema: "Tumezuiliwa bure." Ewe ndugu, umeamka mzima, na mkeo mzima, na watoto wako wanakuuliza lini mtakwenda, nawe waita hayo bure? Umar naye hakuiona tauni kwa macho yake, na hakujuta kurejea. Mwenye kufunga ngamia wake, kisha mwizi asije, hakufanya kazi ya bure. Amefanya aliloamrishwa, na ujira wake uko kwa Mola wake.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuzijua sababu bila ya kuziabudu, na kumtegemea Yeye bila ya kuzitharau. Awarehemu ndugu zetu wote waliokufa baharini, kwani mwenye kufa kwa kughariki amehesabiwa na Mtume (s.a.w.) katika mashahidi. Awalinde manahodha wetu na wavuvi wetu, na awarejeshe wasafiri wetu kwa ahli zao wakiwa salama. Amin.

Wallahu aalam. Wassalamu alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.