Silaha Isiyokwenda Vitani

Kijana wa Makorora, Tanga, anayejifunza kuzungusha mti wa kungfu anajiandaa kupigana na nani? Panga liko karibu kila nyumba, la kufyekea na kupasulia nazi, na hakuna aliyelisomea. Kibaka wa leo hasubiri ukae mkao wa chui. Anapita na bodaboda, ukigeuka simu imeshaondoka. Na silaha za jadi za vita tuliagana nazo zamani: Abushiri bin Salim, aliyeongoza upinzani wa pwani dhidi ya Wajerumani, alinyongwa hapo Pangani Desemba 1889, baada ya mizinga yao kumaliza ubishi.

Swali hili si geni hata kwa Wachina. Qi Jiguang, jenerali aliyepambana na maharamia wa pwani yao katika karne ya 16, aliwafundisha askari wake mkuki, ngao na upanga, akawakataza madoido: kinachopendeza macho hakimwokoi mtu vitani. Ngumi nazo alikiri kwamba kwenye vita vikubwa hazina kazi sana, ila huzoeza viungo. Sasa sisi tuliokulia vibanda vya video, tukiamini stering hafi, tunapata wapi ujasiri wa kudai mti ni kinga ya wezi? Anayewavuta wanafunzi kwa dai hilo anauza hewa.

Manufaa yake nayaona kwingine. Mtu asiyewahi kushika kitu cha kuumiza, upole wake haujapimwa; huenda amekosa nafasi tu. Mpe mti wa futi sita, umsimamishe mbele ya mwenzake mwenye mti kama huo. Ghafla kichwa cha mwenzake kiko wazi. Anaweza kukipasua. Fundi huusimamisha mti vidole viwili kutoka sikioni, na ncha imetulia. Anayeanza, ncha humtetemeka, kwa kuwa kosa dogo la kiganja likifika mwisho wa mti limeshakuwa kubwa. Hapo kujizuia kunaonekana kwa macho, na shahidi ni yule ambaye angeumia.

Pwani tumelijua hilo bila kungfu. Kirumbizi cha Lamu huchezwa kwa fimbo, wawili wawili, ngoma na zumari zikilia. Makunduchi, Unguja, siku ya Mwaka Kogwa, wanaume hutandikana kwa migomba ili vinyongo vya mwaka uliopita viishie uwanjani. Silaha imelainishwa makusudi, haikufutwa. Wazee waliopanga hivyo walijua kwamba hasira isiyopewa uwanja huenda kulitafuta panga.

Kwa hiyo mti unaozungushwa peke yako mbele ya simu, upate kupendwa mtandaoni, mimi siuhesabu. Ni yaleyale madoido aliyoyakataza Qi. Mzazi mwenzangu, mwanao akikuomba ada ya mafunzo haya, nenda kamuulize mwalimu jambo moja: watoto hawa hukabiliana wawili wawili, au kila mmoja anacheza na kivuli chake? Akijibu la pili, hela hiyo mnunulie mpira.