Kuvua Kofia

Kofia ya pama ya marehemu baba yangu iko mezani ninapoandika maneno haya. Nimeilaza kichwachini, ukingo ukitazama dari, kwa sababu ndivyo alivyonifundisha: pama ikilala juu ya ukingo wake hupinda, na ikishapinda, alikuwa akisema, imekosa adabu. Baba alikuwa karani wa boma huko Lushoto katika miaka ya 1950. Kofia hiyo aliinunua Tanga kwa mshahara wake, kabla hajaezeka nyumba kwa mabati, jambo ambalo mama hakulisahau.

Mjukuu wangu, aliyeajiriwa ualimu mwaka huu, ameniomba nimpe. Nikaitoa sandukuni ili niitengeneze, na katika kuitengeneza nikakutana na swali ambalo nilidhani nilikwisha kulijibu ubaoni miaka mingi iliyopita: je, heshima inayodaiwa ni heshima?

Lakini kwanza niseme juu ya pama yenyewe, maana vijana wengi huziokota mitumbani bila kujua wanachokishika. Pama haifumwi wala haisokotwi. Ni sufu ya kondoo, au manyoya laini ya wanyama kama sungura, yanayoloweshwa kwa maji ya moto na kukandamizwa mpaka yashikamane yenyewe kwa yenyewe. Ya sufu ni rahisi kwa bei, ila ikinyeshewa sana hulegea. Ya manyoya ya sungura ni nyepesi na imeshikana; ukiukunja ukingo wake kidogo na kuuachia, hurudi ulipokuwa. Baba alinunua ya namna hii ya pili. Alijipima kichwa kwa uzi, ukipita juu kidogo ya masikio na katikati ya paji la uso, akaenda dukani na uzi huo mfukoni, kwa kuwa mwenye duka hakupenda watu wa namna yake wazijaribu kofia kabla ya kulipa.

Umbo la pama halipatikani kwa nguvu. Unachemsha maji katika birika, unaishika kofia juu ya mvuke mpaka ilainike, kisha unaibonyeza kwa ubavu wa kiganja na kuishikilia hivyo hadi ipoe. Ukiibonyeza ikiwa kavu, itakutii leo na baadaye itapasuka. Nilifundisha karibu miaka arobaini kabla ya kuona kwamba jambo hilo linawahusu watoto pia, lakini hilo ni somo jingine.

Kuna waliolipa gharama ya kofia hizi kabla hazijafika kichwani kwa mtu. Katika viwanda vya Ulaya na Marekani, manyoya yalikuwa yakitayarishwa kwa dawa yenye zebaki, na mafundi walioivuta hewa ile walitetemeka mikono na hata kuvurugika akili. Mtetemeko wenyewe ulipewa jina la mji wa Danbury, Marekani, uliokuwa mji wa watengeneza kofia. Matumizi hayo ya zebaki yalikomeshwa huko Marekani mwaka 1941 tu. Kwa hiyo bwana mmoja aliweza kutembea akionekana mtu wa heshima kwa kitu kilichomtetemesha mtu mwingine maisha yake yote.

Basi niliipiga brashi taratibu, nikifuata ulalo wa manyoya, kinyume cha mwendo wa saa. Nondo hawakuigusa. Niliugeuza nje mkanda wa ngozi wa ndani, ambao jasho la baba limeufanya mweusi, nikainua kofia kuelekea dirishani nione kama kuna palipopasuka. Mwanga ukapita. Hapo mbele, penye ile mibonyeo miwili ambapo watu hupenda kushika kwa kidole gumba na cha shahada, pana tundu. Si kazi ya mdudu. Pande zake zimelika polepole na kungʼaa kwa mafuta ya vidole.

Jambo hili lilinishangaza, kwa kuwa baba ndiye aliyenikataza kuishika pama hapo. Ishike ukingoni, alisema, kwa mikono miwili, mbele na nyuma, uiinue. Nyumbani alifanya hivyo. Kanisani nilikuwa nikimtazama kila Jumapili akifika mlangoni: mikono miwili, bila haraka, kama mtu anayeteremsha mtungi uliojaa maji. Nani basi alitoboa tundu hili?

Nilikaa nalo siku mbili ndipo nikakumbuka. Ilikuwa mwaka 1959, nikiwa na umri wa miaka tisa hivi. Tulikuwa tukitembea katika barabara ya Soni, gari la Bwana Shauri likatokea nyuma yetu. Baba alisogea kando, akaikamata kofia palepale mbele, kwa vidole vya mkono mmoja, akaivua ghafla kama mtu anayekungʼuta siafu, akaiweka kifuani na kusimama. Gari likapita. Vumbi likatua juu ya nywele zake. Ndani ya gari, kofia ya yule mwingine haikutikisika.

Kwa haraka ile mikono miwili haina nafasi. Na mara ngapi kwa siku? Mlangoni mwa ofisi, barazani, njiani, kwa zaidi ya miaka kumi. Huenda nakosea, maana tundu halisemi. Lakini sioni mkono mwingine ulioweza kulitoboa.

Tuna msemo wetu kwamba heshima si utumwa. Nimeuandika ubaoni mara nyingi kwa chaki nyeupe, na kuupigia mstari. Ni msemo mzuri. Hata hivyo, katika uzee wangu nimegundua kwamba karibu kila niliposikia ukitamkwa, aliyeutamka ndiye aliyekuwa akipokea heshima. Sikumbuki kuusikia kwa mtu aliyekuwa akiinama.

Kuvua kofia kwenyewe si kitu. Mwislamu wa Pangani akiingia msikitini na kofia yake ya kiua haivui, na hakuna mwenye akili atakayesema amekosa adabu. Pale kichwa kilichofunikwa ndicho chenye adabu. Tazama pia shikamoo. Wapo wanaosema neno hilo lilianza kama alama ya unyonge, ya kushika miguu ya mkubwa. Na iwe hivyo. Watu wetu walilitafutia jibu lake, marahaba, na mkubwa asiyeitikia marahaba ameaibika yeye, si mdogo aliyemwamkia. Shikamoo hunipa mimi mzee deni la kulipa papo hapo. Nafikiri hapo ndipo penye tofauti. Baba alivua kofia na hakuitikiwa.

Najua mwalimu mwenzangu atakayenijibu kwamba shule haiendeshwi bila kudai heshima, kwamba mtoto asiyezoezwa kusimama mwalimu anapoingia hatasimama kwa hiari akiwa mkubwa. Mimi mwenyewe nilifundishwa hivyo chuo cha ualimu, na sijalikana fundisho hilo lote. Mtoto hufundishwa kwanza tendo, maana yake huja baadaye. Ila mtu mzima si mtoto, na hapo ndipo nilipoteleza.

Mwaka 1984 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi huko milimani. Nami nilikuwa na pama, nyeusi, ya sufu. Asubuhi moja alikuja mzee mmoja, babu wa msichana wa darasa la sita tuliyemrudisha nyumbani kwa kukosa sare. Alikuja kuomba muda hadi auze plamu zake. Alisimama mlangoni mwa ofisi na kofia yake kuukuu kichwani. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na minne. Sikumwamkia shikamoo, ingawa ndiye aliyenistahili salamu hiyo. Nilimwambia, "Mzee, vua kofia kwanza, ndipo tuzungumze."

Alinitazama kwa muda. Kisha akasema bila hasira, "Mwalimu, hiyo niliivua kwa Bwana Shauri. Nilidhani mwaka sitini na moja tuliyamaliza hayo." Akageuka, akashuka ngazi, na kofia yake kichwani.

Nilihesabu jambo lile kuwa ushindi wangu, na nikawasimulia walimu wenzangu wakati wa chai. Wakacheka, au walijifanya kucheka. Msichana hakurudi shuleni. Sikutuma mtu kwao kumwita, ingawa kazi yangu ilinitaka nifanye hivyo. Miaka mingi baadaye, basi letu liliposimama Soni, mwanamke aliyekuwa akiuza matunda dirishani alinitambua kabla sijamtambua. "Shikamoo, mwalimu," alisema. Nikaitikia marahaba. Nilinunua plamu za kikombe kimoja, akaniongezea mbili. Basi likaondoka, nami sikuwa nimesema chochote.

Juzi, baada ya kuiona kofia ya baba, niliishusha ile nyeusi yangu kutoka ukutani, nikaiinua dirishani vilevile. Ni ya sufu, duni kuliko ya baba, na nimeivaa miaka mingi zaidi. Haina tundu lolote.

Fundi mmoja wa nguo ameniambia anaweza kuweka kiraka kwa ndani, na utepe ukashonwa juu kidogo ili kisionekane. Nimemshukuru na kuichukua kofia yangu. Mjukuu atakuja Jumamosi. Nitachemsha maji katika birika, nimwonyeshe jinsi ya kuilainisha pama na jinsi ya kuiinua kwa ukingo, kwa mikono miwili. Najua ataiinua dirishani, kwa kuwa ni kijana wa kuchunguza, na ataniuliza tundu lilitokana na nini.