Mwenye Njaa Hachagui Ujira

Mzazi asiye na unga ndani hana nguvu ya kumkatalia dalali ajaye kumchukua binti yake akatumikie mjini. Baba Mtakatifu Leo XIII alifundisha mwaka 1891 ya kwamba mfanyakazi akubaliye masharti magumu kwa kushurutishwa na shida ameonewa. Kwa hiyo twausifu Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ulioanzishwa na TASAF mwaka 2012: fedha kidogo mkononi humpa mzazi uwezo wa kukataa. Lakini ruzuku ikichelewa, dalali huwahi.

Nasi wenye watumishi majumbani tujiulize: je, twawalipa haki yao, au twafaidi njaa ya wazazi wao? Mtume Yakobo atuonya kwamba ujira uliozuiliwa humlilia Mungu.