Usingizi wa Yona, Usingizi wa Yesu

Kwetu Njukini watu hunishangaa: mtoto wa migombani, chini ya Kilimanjaro, amekuwaje fundi wa boti za faibaglasi Mtwapa? Huwajibu kwamba Ziwa Chala ni jirani yetu na Ziwa Jipe haliko mbali. Boti si ajabu. Ajabu ni swali aliloniachia mteja mmoja bila kujua.

"Fundi, boti hii inalia kama debe," alisema. "Nijazie povu, wageni wangu wapate utulivu."

Alikuwa na haki. Bodi la faibaglasi ni jembamba; wimbi likilipiga hutetemeka lote, na uwazi ulio chini ya sakafu hukuza sauti. Tunachanganya dawa mbili za maji, tunamimina kidogo kidogo, tunaacha matundu ya hewa. Povu hufura, likashikana na bodi, mtetemo ukapungua. Ukimimina kwa pupa, linaweza kuinua sakafu.

Nilimweleza pia kwamba mngurumo wa injini utabaki, kwa kuwa sauti huzuiwa na uzito, na mita moja ya ujazo ya povu hilo ina kama kilo 30 tu. Wepesi huohuo ndio faida yake: boti ikitoboka, ujazo huo huweza kubeba zaidi ya kilo 900 majini.

Basi tunapomwomba Mungu utulivu, tunaomba nini hasa: tusisikie, au tusizame?

Biblia inao wawili waliolala chomboni dhoruba ikivuma. Yona alishuka hadi chini kabisa ya merikebu. Yesu alilala shetrini, kichwa juu ya mto. Wote wawili waliamshwa na watu wenye hofu. Yona aliambiwa amwombe Mungu wake, lakini hatusomi kwamba aliomba pale. Sala yake tunaikuta tumboni mwa samaki. Yesu aliamka akaukemea upepo. Mmoja alilala akikimbia alikotumwa. Mwingine alilala kwa kuwa hakuwa na anachokikimbia.

Ndovu wakiingia shambani kwa jirani usiku, kijijini kwetu utasikia, "Tumwachie Mungu." Kuna anayesema hivyo akajifunika blanketi, na kuna anayesema hivyohivyo huku akitafuta tochi. Maneno yao ni mamoja, imani zao mbili. Ya kwanza imeziba masikio tu. Ya pili inamwezesha mtu kutoka gizani bila kutetemeka.

Mteja nilimjazia povu lake, lakini nikaacha mfereji wa maji na kifuniko cha kukagulia, maana povu likikaa majini miaka mingi hunywa maji, boti ikawa nzito kimyakimya. Utulivu wa muumini nao ukaguliwe, na kipimo chake ni chepesi: jirani akibisha mlango usiku wa manane, anaamka au haamki?