Kibao na Gunia la Taka

Mwaka 1984, James Evans, mhandisi wa idara ya barabara ya jimbo la Texas, alikuwa barabarani mjini Tyler nyuma ya pikapu iliyokuwa ikipeperusha takataka njia nzima. Gharama za kuzoa taka pembezoni mwa barabara kuu zilikuwa zinapanda kila mwaka, naye akaona bora awaombe wananchi wasaidie. Hawakujitokeza. Ndipo ofisa habari wa idara, Billy Black, akaja na utaratibu: kila kikundi kipewe kipande chake cha barabara, kikisafishe mara nne kwa mwaka, kipewe mafunzo ya usalama na vizibao vya kung'aa, na jina lake liandikwe kwenye kibao pembeni ya njia. Machi 1985 klabu moja ya Tyler ikachukua maili mbili. Leo mpango huo umeenea karibu Marekani nzima.

Nadhani kibao kilisaidia sana. Binadamu hupenda jina lake lisomwe, na sioni ubaya ilimradi gunia la taka lijae. Sisi wenyewe Tanzania, Desemba 9, 2015, Rais Magufuli alipoigeuza Sikukuu ya Uhuru kuwa siku ya usafi, nchi nzima ilishika mafagio. Wapo waliofagia mpaka jasho likawatoka, na wapo walioshika fagio hadi mpiga picha alipoondoka.

Tofauti ya watu wa aina hizo mbili ilijitokeza vizuri katika jimbo la Missouri, Marekani. Miaka ya tisini Ku Klux Klan, kundi lenye historia ndefu ya kuwatesa na kuwaua Wamarekani weusi, liliomba kupewa kipande cha barabara kuu namba 55 karibu na St. Louis. Idara ya barabara ikakataa. Kesi ikaenda mpaka mahakama ya rufaa ya shirikisho, ambayo mwaka 2000 iliamua kwamba serikali haiwezi kumnyima mtu nafasi hiyo kwa sababu ya imani zake, hata ziwe za kuchukiza namna gani. Mwaka 2001 Mahakama ya Juu ikakataa kulisikiliza shauri hilo.

Wanasiasa nao hawakukaa kimya. Waliamua kipande hichohicho kiitwe Rosa Parks, mwanamke yule wa Montgomery aliyekamatwa mwaka 1955 kwa kukataa kumpisha mzungu kiti ndani ya basi. Mama huyo alikuwa bado hai. Yaani Klan wangekwenda kuinama na kuokota makopo kwenye barabara yenye jina lake! Nakiri nilipoisoma habari hiyo nilicheka peke yangu.

Lakini hawakwenda. Kibao walikipigania mahakamani kwa miaka, ila kuokota taka hawakuokota, na mwaka huohuo wa 2001 idara ikawaondoa kwenye mpango kwa sababu ya kawaida kabisa: hawakusafisha. Kwangu mimi, hukumu hii ya pili ni tamu kuliko jina la Rosa Parks. Mahakama ilikuwa sahihi, maana karani akipewa ruhusa ya kupima roho za watu, leo atamkataa mbaguzi na kesho atamkataa mpinzani. Gunia tupu, kwa upande wake, halihitaji wakili.

Sasa kuna jambo ambalo husahaulika tukisifu kujitolea. Anayeokota chupa kando ya barabara kuu ya Missouri, nje ya miji, anapitwa na magari yanayoruhusiwa kukimbia maili 70 kwa saa, karibu kilomita 113. Kizibao hakizuii gari. Uhai wake uko mkononi mwa dereva asiyemjua, na mkono huo mara nyingi umeshika simu. Jijini Columbia, jimboni humohumo, mwaka 2019, mtu aliyekuwa akikusanya koni za barabarani baada ya mashindano ya michezo aligongwa na dereva aliyekuwa kwenye simu ya video, na baadaye akafariki. Alikuwa anasafisha njia ili wengine wapite. Idara ya barabara ya jimbo hilo imekuwa ikiwahimiza madereva wafunge mkanda na waweke simu chini, lakini sheria ya kukataza kushika simu ukiendesha ilianza Agosti 2023 tu, na ina jina la marehemu huyo pamoja na la mwingine aliyeuawa barabarani. Missouri ilikuwa miongoni mwa majimbo ya mwisho kabisa kuwakataza madereva wote kuandika ujumbe wa simu wakiendesha.

Kwa hiyo nami nina ombi kwako, msomaji mwenye leseni, uwe Chalinze, Naivasha au St. Louis. Ukiona mbele yako watu wamevaa vizibao vya kung'aa, iwe ni wafagiaji, mafundi wa barabara au trafiki waliosimama kwenye ajali, punguza mwendo, wape nafasi, na simu iache iite.