Hati Katika Chombo cha Udongo

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Yeremia 32:6–15, Isaya 38:1–5, Nehemia 13:4–9, Mithali 3:27, 28, Mithali 14:4, Luka 11:24–26, 2 Timotheo 4:13.

Chukulia kisa cha mzee mmoja wa kanisa katika mji wa Kanda ya Ziwa. Kwa miaka mingi alikuwa mhazini, na hesabu za zaka na sadaka hazikupungua hata shilingi moja mikononi mwake. Akaugua ghafla, na baada ya siku tisa akalala usingizi wa mauti. Matanga yalipokwisha, mdogo wake marehemu alisimama katika kikao cha ukoo akasema kwamba kiwanja cha nyuma ya nyumba ni mali ya ukoo, na kaka yake alipewa akitunze tu. Mjane alijua kwamba kiwanja kilinunuliwa. Alikuwapo siku ile fedha zilipohesabiwa mezani, na ndiye aliyewapikia mashahidi chai. Lakini karatasi ya mauziano ilikuwa wapi?

“Mama, baba alizoea kuweka wapi vitu vyake?” binti yake mkubwa aliuliza.

“Mwanangu, baba yako aliweka kila mahali.”

Sanduku la bati likavutwa kutoka chini ya kitanda. Ndani yake zilikuwamo risiti za karo za watoto ambao sasa wana watoto wao, ankara za maji, kadi za michango ya harusi, maelekezo ya redio iliyokufa zamani, na lesoni za robo nyingi zilizofungwa kwa kamba. Juu ya kabati kulikuwa na mifuko mitatu ya namna hiyo hiyo. Simu yake ilikuwa na neno la siri ambalo hakuna aliyelijua, na barua pepe zake zote zilikuwa ndani ya simu hiyo.

Kisa hiki si cha mtu fulani, lakini karibu kila kanisa lina mtu anayeweza kukisimulia kwa majina. Nacho kinaleta swali ambalo watu wengi wangeliona dogo mno kwa Shule ya Sabato: Je, fujo ya nyumbani ni jambo la dhamiri, au ni tabia tu, kama kutembea haraka au kupenda pilipili?

Ni rahisi kulijibu swali hili vibaya. Wengi hukimbilia 1 Wakorintho 14:40, ambapo Paulo anaagiza mambo yatendeke kwa utaratibu. Lakini Paulo hapo anazungumzia ibada, yaani watu waliokuwa wakinena wote kwa pamoja katika kusanyiko. Hakuwa anazungumzia kabati la vyombo. Wanawake wengi wamepigwa kwa fungu hilo na watu ambao hawajawahi kushika ufagio.

Soma Mithali 14:4 na Luka 11:24–26. *Mafungu haya mawili yanasema nini kuhusu mahali palipo safi?*

Mwenye hekima anakiri kwamba zizi lisilo na ng'ombe hubaki safi, lakini pia halina mavuno. Nyumba yenye watoto wanne, mgeni kutoka kijijini na mgonjwa chumba cha uani haitafanana na picha ya kalenda, wala haina sababu ya kufanana nayo. Na katika mfano wa Yesu, nyumba iliyofagiwa na kupambwa ndiyo iliyopatwa na mabaya zaidi, kwa kuwa ilikuwa tupu. Unadhifu peke yake hausemi lolote juu ya nani anakaa ndani. Mtu anaweza kupanga viatu vyake kwa mstari na asiwe na nafasi kwa jirani.

Basi kama usafi wa nyumba si utakatifu, kwa nini kisa cha yule mjane kinauma? Kinauma kwa sababu aliyeweka vitu ovyo siye aliyevitafuta. Fujo ya mtu anayeishi peke yake, asiye na deni wala mrithi, ni yake mwenyewe. Mara tu anapokuwa na mke, watoto, mdeni au ofisi ya kanisa, fujo yake inakuwa mzigo ambao mtu mwingine ataubeba, na mara nyingi ataubeba siku ambayo hana nguvu za kubeba chochote. Hapo ndipo suala linapotoka katika tabia na kuingia katika upendo kwa jirani.

Soma Yeremia 32:6–15. *Orodhesha hatua ambazo Yeremia alizichukua katika ununuzi huu. Kwa nini nabii anaandika habari za karatasi kwa urefu namna hii?*

Ilikuwa mwaka wa 10 wa mfalme Sedekia. Jeshi la Babeli liliuzingira Yerusalemu, na Yeremia mwenyewe alikuwa amefungwa katika uwanda wa walinzi. Shamba la Anathothi alilouziwa na Hanameli, mwana wa mjomba wake, halikuwa na thamani yoyote sokoni kwa siku zile. Hata hivyo alipima shekeli 17 za fedha katika mizani, akatia sahihi, akaweka muhuri, akaita mashahidi. Hati zilikuwa mbili, moja iliyofungwa kwa muhuri na nyingine iliyoachwa wazi. Kisha akamkabidhi Baruku mbele ya watu wote, akamwagiza azitie katika chombo cha udongo ili zidumu siku nyingi.

Wasomaji wengi huruka mambo haya ili kuifikia ahadi ya kurudi kutoka uhamishoni. Lakini ahadi hiyo imefungwa ndani ya mambo haya haya. Yeremia aliamini kwamba mashamba yatanunuliwa tena, na imani hiyo ilionekana katika mizani, sahihi, mashahidi, nakala mbili na mtungi. Asiyetazamia kesho hana haja ya kutunza hati.

Desturi ya kuandika hati mara mbili, moja ya kufungwa na moja ya kusomwa, haikuishia kwa Yeremia. Mwaka 1961, katika pango moja karibu na Bahari ya Chumvi, mwanaakiolojia Yigael Yadin alipata mfuko wa ngozi uliokuwa na nyaraka 35 za mwanamke Myahudi aitwaye Babatha, aliyeishi mwanzoni mwa karne ya pili baada ya Kristo. Nyingi kati ya hati hizo ziliandikwa kwa namna hiyo ya nakala mbili. Zilikuwamo hati za mali na mashamba ya mitende, mkataba wa ndoa, na mashauri aliyoyapeleka mbele ya watawala kuhusu walezi wa mwanawe yatima, ambao aliona matunzo waliyotoa hayatoshi. Vita vilipozuka dhidi ya Warumi, alikimbilia pangoni na mfuko huo. Haidhaniwi kwamba alitoka salama. Ila karatasi zake zilikuwa zimefungwa pamoja kwa uangalifu, na mtu yeyote aliyeishika ngozi ile angeweza kujua mara moja ni nini kilikuwa chake na ni nini kilikuwa cha mwanawe. Mama huyo mjane angemwelewa vyema yule wa Kanda ya Ziwa.

Nchini Tanzania, familia inayofungua mirathi katika Mahakama ya Mwanzo itaulizwa cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo. Baada ya hapo huja cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, hati ya kiwanja au maandiko ya mauziano, kadi ya benki, namba ya mfuko wa hifadhi ya jamii. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachohitaji nafasi kubwa. Vyote vinaenea katika bahasha moja. Asiyekuwa na bahasha hiyo huanza safari za ofisi hadi ofisi kwa miezi, akilipa nauli kwa fedha ya kukopa, huku wenye maneno mengi katika ukoo wakizidi kupata ujasiri.

Hapa inafaa kusema jambo juu ya ushauri wa kupunguza vitu unaotoka katika nchi tajiri. Mjapani Marie Kondo amewafundisha watu wengi duniani kushika kila kitu mkononi na kubaki na kile tu kinachowapa furaha, na kuhusu karatasi anashauri kutupa karibu zote. Ushauri huo una faida yake kwa mtu mwenye vitu vingi kuliko anavyoweza kuvitumia. Lakini hati ya kiwanja haimpi mtu furaha, na mahali ambapo ofisi inaweza kupoteza jalada, risiti iliyochakaa ya miaka 12 iliyopita inaweza kuwa ndiyo shahidi pekee aliye hai. Kipimo cha Yeremia kinafaa zaidi: Je, kuna mtu atakayekihitaji kitu hiki baada ya siku nyingi? Kikihitajika, kipewe mtungi. Kisipohitajika, kinalificha lile linalohitajika.

Na si haki kumwita mtunza makopo mchoyo. Aliyelelewa katika njaa hujifunza kwamba kila kitu kina siku yake: chupa, kipande cha waya, gauni lililomkaa mdogo. Kwa mtu wa namna hiyo kutupa ni kuogofya, na watoto wanaokuja likizo kutoka mjini na kuchoma vitu vya mama bila kumwuliza hawajatengeneza nyumba, wamemvunjia heshima. Yesu mwenyewe aliagiza vipande vya mikate vikusanywe, kisipotee kitu (Yohana 6:12). Hata hivyo mana iliyolimbikizwa kwa hofu ilioza na kuingia mabuu (Kutoka 16:20), na koti la pili lililotundikwa mwaka mzima lina mwenyewe mahali fulani, kama Yohana Mbatizaji alivyofundisha (Luka 3:11). Kati ya akiba na ulimbikizaji kuna mpaka, nao haupimwi kwa wingi wa vitu. Hupimwa kwa jibu la swali moja: kitu hiki kinatunzwa kwa ajili ya nani?

Soma Nehemia 13:4–9. *Chumba cha Tobia kilikuwa kimejengwa kwa kazi gani, na ni nani walioumia kilipojazwa vitu vyake?*

Eliashibu kuhani hakuijenga nyumba mpya kwa ajili ya Tobia. Alimpa chumba kikubwa kilichokuwa ghala la sadaka za unga, ubani na zaka za nafaka, yaani posho ya Walawi. Aya zinazofuata zinaonyesha matokeo: Walawi walikimbilia mashambani mwao kutafuta riziki. Nehemia alivitupa nje vyombo vyote vya Tobia, akaamuru vyumba visafishwe, kisha akarudisha vilivyostahili kuwamo. Hatua hiyo ya mwisho husahauliwa. Chumba hakikuachwa kitupu.

Nyumba nyingi za Waadventista zina chumba cha Tobia. Ijumaa alasiri, jua likikaribia kuzama, kila kilichotapakaa sebuleni husukumwa humo na mlango hufungwa kwa ufunguo. Wageni wa Sabato hukuta meza yenye kitambaa cheupe. Siku ya Maandalio ilitolewa ili watu waingie katika pumziko bila mzigo, lakini mzigo uliosukumwa nyuma ya mlango bado upo, na mama wa nyumba anaujua wakati wote wa chakula. Na huenda chumba hicho ndicho ambacho shangazi mgonjwa angelala. Katika kitabu *Huduma ya Uponyaji* cha mwaka 1905, Ellen G. White anashauri nyumba iwe na vyombo vya kawaida, imara, rahisi kusafishwa na kubadilishwa. Sababu yake si urembo. Anataka nyumba ambayo watoto na wageni wanaweza kuitumia.

Barua pepe nazo ni chumba cha namna hiyo. Karani wa kanisa aliye na ujumbe 4,000 ambao haujafunguliwa anaweza kucheka na kusema kwamba wengi wao ni matangazo. Ni kweli. Lakini katikati yao lipo ombi la dada aliyehamia mji mwingine kwa kazi, anayesubiri barua ya uhamisho wa ushirika. Barua hiyo lazima isomwe mara mbili mbele ya kanisa kabla ya kupigiwa kura, kwa hiyo kila juma la kuchelewa huzaa jingine. Anaketi kiti cha nyuma, hapewi huduma, na anaanza kudhani kwamba kanisa lake la zamani limemsahau. Karani hana chuki naye. Hajamwona tu chini ya matangazo. Mithali 3:27, 28 inakataza kumwambia jirani arudi kesho hali kitu anachodai kipo mkononi mwako. Hakuna tofauti kubwa kati ya kumwambia hivyo na kutomwambia chochote.

Tafakari: *Ni nani anayesubiri jibu lako juma hili? Je, unajua jina lake, au itakubidi utafute?*

Paulo alipokuwa kifungoni, karibu na kifo chake, aliandika kwamba joho lake lipo Troa kwa Karpo, na vitabu, na zaidi sana vile vya ngozi. Alikuwa na vitu vichache, alijua kila kimoja kilipo na kwa nani, na Timotheo hakuhitaji kupekua sanduku lolote. Hezekia naye, alipoambiwa atengeneze mambo ya nyumba yake kwa kuwa angekufa, aligeuza uso ukutani akaomba, akaongezewa miaka 15. Wengi hawapati hata ile taarifa. Yule mhazini alipata siku tisa, na katika siku hizo hakuna aliyethubutu kumwuliza habari za karatasi, maana kumwuliza kungekuwa kama kumtakia kifo. Mwenye wajibu wa kuzungumza mambo hayo alikuwa yeye, akiwa mzima, jioni ya kawaida baada ya ibada ya nyumbani, mkewe akiwa ameketi naye.

Karatasi ya mauziano ilipatikana mwezi wa nne, ndani ya lesoni ya robo ya tatu ya mwaka ule kiwanja kiliponunuliwa. Kikao cha ukoo kilikuwa kimekwisha kuamua.

Yeremia hakulima shamba la Anathothi. Mji ulipoanguka, alichukuliwa kwenda Misri pamoja na Baruku (Yeremia 43:5–7). Mtungi ulibaki kwa ajili ya watu wengine.

Kwa majadiliano darasani: *Mjane wa kisa hiki ni mshiriki wa kanisa lenu, na shemeji yake pia. Wote wawili watakuwapo Sabato hii. Kanisa lina wajibu gani kwao, na lingeweza kufanya nini mwaka mmoja kabla?*